Winga wetu kalamba unga wa mzuka, moyo ukaenda mbio hadi kalazwa. Tatizo ni unga, jua au nini?

#1 Kitasa wa Kigogo
Wakuu, salaam. Niende moja kwa moja.

Jumapili tulikuwa na mechi ya ndondo, saa kumi jioni, jua la Februari mnalijua. Winga wetu ana miaka 21, kilo 62 hivi. Kabla ya kupasha akachukua vijiko viwili vya ule unga wa kabla ya mazoezi, akaumwaga mdomoni mkavu vilevile, akasukumia na kopo la enaji. Anasema jimu kwao ndiyo staili. Dakika ya thelathini na kitu akakaa chini katikati ya uwanja kashika kifua, midomo imepauka, vidole vinatetemeka. Tukampakia kwenye bajaji. Hospitali wakakuta mapigo 168 na mtu kalala kitandani. Wakamtundikia dripu, wakampima umeme wa moyo, usiku yakashuka, asubuhi karudi nyumbani.

Sasa imekuwa kesi. Daktari aliyempokea kasema ni joto na kukosa maji. Kocha anasema unga ni feki. Mama yake anasema kuna mkono wa mtu, maana dogo ndiyo kwanza kaitwa majaribio timu ya daraja la kwanza. Mwenye jimu aliyemuuzia anasema wateja wake wote wanatumia na hajawahi kuzika mtu. Nyie mnasemaje? Na hivi vitu kwa mchezaji ni salama au tunauana taratibu?

#2 Mpenda Kona
Nimewahi siti ya mbele. Endeleeni.

#3 Chuma Tabata
Unga msiusingizie. Lebo inasema kijiko kimoja, koroga na maji, kunywa nusu saa kabla. Dogo kapiga viwili vikavu halafu juu yake enaji. Hata panadol ukila kwa staili hiyo utalazwa. Mimi natumia muda sasa, kinachonipata ni masikio na mikono kuwasha kama nimepita kwenye upupu, robo saa imeisha. Hiyo ni beta-alanini, kiungo kimojawapo cha unga huo, haina shida.

#4 Mfamasia wa Zamu
Tufanye hesabu kabla ya kugombana. Unga wa aina hiyo mwingi huandikwa miligramu 150 hadi 300 za kafeini kwa kijiko kimoja. Weka 200. Viwili ni 400. Kopo la enaji la mililita 250 huwa na kama 80. Jumla 480, zimeingia kwa dakika moja.

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2015 ilisema mtu mzima mwenye afya asizidishe 200 kwa mkupuo na 400 kwa siku nzima. Kwa wanamichezo, kiasi kinachoonekana kusaidia ni miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya mwili. Dogo wa kilo 62 kaenda karibu 8. Na kafeini hufika kileleni kwenye damu baada ya nusu saa hadi saa nzima hivi. Jumlisha muda wa kupasha na hizo dakika thelathini za mechi, imemkuta palepale.

Mimi ningemshuku kafeini kwanza. Lakini sikuwepo, na hatujui kopo lile lina nini hasa ndani.

#5 Mama Twaha
Poleni jamani. Na huyo mama msimcheke. Mtoto anaitwa majaribio Ijumaa, Jumapili anaanguka. Wewe kama mzazi utawaza nini?

#6 Chuma Tabata
Ningewaza enaji, mama angu.

#7 Kocha Mstaafu
Mmesahau kubwa zaidi. Kafeini ni dopingi. Huyo kijana akienda timu ya ligi na tabia hiyo, akapimwa, kafungiwa. Zamani tuliwakataza vijana hata kahawa nyeusi siku ya mechi.

#8 Mfamasia wa Zamu
Shikamoo mzee. Ya zamani ni kweli, ilikuwa na kikomo kwenye mkojo. Iliondolewa kwenye orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dopingi, Januari 2004. Sasa wanaifuatilia tu, haifungiwi mtu kwa kafeini. Hatari ya dopingi iko kwenye vile visivyoandikwa kwenye kopo.

#9 Kocha Mstaafu
Marahaba. Kwa hiyo miaka yote wale vijana walinichukia bure. Vizuri, walilala mapema.

#10 Mfukuza Upepo (Eldoret)
Salamu kutoka juu milimani. Hapo kwa "visivyoandikwa" ndipo sisi huku tumeumia, wacha nieleze.

Kanuni ni kwamba chochote kikipatikana mwilini mwako ni chako. Hata kama ulipewa na kocha, duka lilikudanganya au ulipimiwa gizani. Kujitetea kunaweza kukupunguzia adhabu, lakini lazima uthibitishe kilipotoka. Na si suplimenti pekee. Ruth Chepngetich, aliyekimbia marathoni ya Chicago 2024 kwa 2:09:56, Oktoba 2025 alifungiwa miaka 3 kwa hidroklorothiazidi. Hiyo ni dawa ya presha ya kutoa maji mwilini. Alieleza kwamba alikunywa dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani alipokuwa mgonjwa. Haikumwokoa.

Sindano nazo. Tangu 1 Januari 2022 sindano zote za glukokotikoidi, zile dawa za kutuliza uvimbe jamii ya kotisoni, zimepigwa marufuku wakati wa mashindano. Baadhi zilikatazwa hata kabla ya hapo: Diana Kipyokei alishinda marathoni ya Boston 2021, akapokonywa kwa triamsinoloni, mojawapo ya dawa hizo. Kuna daktari wa mtaani atakudunga goti bila kukuuliza kama wewe ni mkimbiaji.

Kwa hivyo huyo winga wenu akiingia ligi kubwa, suala si moyo tu. Kopo lililofunguliwa alitunze, na risiti, na namba ya toleo iliyo chini ya kopo. Siku ya kesi ndiyo ushahidi wake.

#11 Beki Mstaarabu
Risiti? Ya unga wa jimu? Huku unapimiwa kwenye mfuko wa nailoni mkuu.

#12 Sauti ya Jukwaa
Mnaogopa nini, hata Bolt alinyang'anywa dhahabu kwa sababu ya hizo suplimenti na bado ni Bolt.

#13 Mfukuza Upepo (Eldoret)
Hapana, rekebisha hapo. Bolt hakukutwa na kitu. Ni Nesta Carter, mwenzake wa mbio za kupokezana Beijing 2008. Sampuli yake ilipimwa upya mwaka 2016 ikaonekana ina methilheksanamini, kichocheo kilichokatazwa, na Januari 2017 timu nzima ya Jamaika ikapoteza dhahabu ile. Bolt akashuka kutoka tisa hadi nane kwa kosa la mwenzake. Carter alikata rufaa, ikatupwa 2018.

#14 Mfamasia wa Zamu
Na hiyo methilheksanamini ndiyo DMAA, ilikuwa kiungo kikuu cha unga wa mzuka wa enzi hizo. Mwaka 2012 kwenye marathoni ya London, Claire Squires, miaka 30, alianguka akiwa amebakiza kama maili moja amalize, akafariki. Alikuwa ametia unga wenye DMAA kwenye chupa yake ya maji. Uchunguzi wa kifo mwaka uliofuata ukasema DMAA ilichangia. Uingereza iliipiga marufuku Agosti ya mwaka uleule wa 2012.

Nimeikumbuka kwa sababu habari ya winga inafanana: mwili unatoka jasho, moyo tayari unakwenda kasi, halafu juu yake kitu kinachobana mishipa. Marekani pia, mrusha mpira wa besiboli Steve Bechler alikufa kwa joto kali Februari 2003 akiwa anatumia vidonge vya efedra vya kupunguza uzito. Mwaka 2004 wakaondoa efedra madukani.

#15 Kitasa wa Kigogo
Kwa hiyo daktari wa joto na kocha wa unga wote wawili wanaweza kuwa sawa?

#16 Chuma Tabata
Hayo ya 2012 mnayafufua ya nini? DMAA ilishapigwa marufuku, viwanda vimebadilika.

#17 Baunsa Mpole
Chuma, kiwanda kimebadilika, wewe unanunua kiwandani?

Nina rafiki alitaka mwili wa haraka kwa ajili ya kazi ya mlangoni. Akapewa vidonge visivyo na jina kwenye bahasha ya kaki, "vitamini ya kunenepesha". Wiki chache tu sura ikawa duara, mashavu yamejaa, shingo nyuma imeota nyama, anakula sahani tatu. Sisi tunamsifia kajaa! Miguu na mikono ilibaki vilevile. Alipopima sukari ikawa juu. Akaviacha siku hiyohiyo, ndipo akaanza kuzimia.

#18 Mfamasia wa Zamu
Kwa maelezo hayo inaelekea ilikuwa deksamethasoni, dawa ya steroidi, au jamaa zake. Watu huichanganya na siproheptadini ya kuongeza hamu ya kula. Ukiitumia muda, tezi zilizo juu ya figo hulala kwa sababu mwili unaona homoni inatoka nje. Ukiacha ghafla hazijaamka, presha inashuka, unazimia. Huachwa kwa kupunguza kidogokidogo chini ya daktari. Kama kuna mtu hapa yuko kwenye hivyo vidonge, asitupe leo, aende hospitali navyo mkononi.

#19 Mpenda Kona
Nimehama siti ya mbele, nimesogea karibu na mlango.

#20 Afisa Mikopo
Naomba niingize langu. Mimi si mchezaji, nanyanyua chuma jioni baada ya kazi. Natumia kreatini, ule unga wa kuongeza nguvu ya msuli. Mwezi uliopita nilikwenda kupima afya kwa ajili ya bima, kreatinini, kile kipimo cha damu cha figo, ikatoka juu, daktari akanitazama kwa huruma kana kwamba figo zimekwisha. Mke wangu kalificha kopo mpaka leo. Kreatini inaua figo au haiui?

#21 Chuma Tabata
Haiui. Funga mjadala.

#22 Mfamasia wa Zamu
Usifunge bado. Kreatini ikitumika mwilini hugeuka kuwa kreatinini, na msuli mkubwa nao hutoa nyingi. Kwa hiyo kipimo kinaweza kupanda na figo ziko salama. Gramu 3 hadi 5 kwa siku kwa mtu mwenye figo nzima, tafiti nyingi hazijaonyesha madhara kwenye figo. Kinachoonekana kwa wengi ni uzito kupanda kidogo mwanzoni kwa sababu ya maji kwenye msuli.

Lakini mtu mwenye figo mbovu tayari, kisukari cha muda mrefu au presha isiyotulia, huyo asijaribu kwa ushauri wa jukwaani. Kaka, mwambie daktari kwamba unatumia. Acha kwa muda, rudia kipimo, au aombe kinachoitwa sistatini C ambacho hakiyumbishwi na msuli. Hukumwambia, sivyo?

#23 Afisa Mikopo
Hakuniuliza.

#24 Mama Twaha
Na mke akiendelea kuficha hilo kopo, mpeni maua yake.

#25 Kijana wa Maskati
Huku Ghuba maduka haya yamejaa, na ndugu wakirudi likizo mabegi yanajaa makopo. Mjomba wangu anayauza Zanzibar. Tatizo ninaloliona ni njiani: kopo halisi linapimwa kwenye vikopo vidogo, linalobaki linaongezwa "kitu" lijae tena. Lebo ni ya kweli, kilichomo ni cha mtu mwingine. Sijui winga alinunua lipi.

#26 Mfukuza Upepo (Eldoret)
Hata lile la kiwandani lisikutie imani. Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilikusanya suplimenti 634 kutoka nchi 13 miaka ya 2000 na 2001. Zilizokutwa na homoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo ni 94, yaani karibu asilimia 15. Nyingi zilichafuliwa na mashine ileile iliyosaga bidhaa nyingine. Kwa mlaji wa kawaida ni vumbi tu, kwa mwanariadha ni kifungo.

Ndiyo sababu wenye pesa hununua zenye alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, ambazo kila toleo hupimwa. Alama hizo hazisemi unga unakufaa, zinasema tu haukukutwa na vilivyokatazwa.

#27 Sauti ya Jukwaa
Na Sakho je, yule beki wa Liverpool wa zamani? Alionewa au hakuonewa?

#28 Beki Mstaarabu
Alionewa kabisa. Machi 2016 akiwa Liverpool alikutwa na higenamini, aina ya kichocheo, ilitoka kwenye vidonge vya kuchoma mafuta. Akakosa fainali ya Europa League. Julai UEFA wakamfutia kesi kwa sababu haikuwa wazi kama imo kwenye orodha. Mwaka 2017 ikaandikwa kwa jina. Novemba 2020 WADA wakamwomba radhi na kumlipa fidia.

Fainali hakurudishiwa.

#29 Mfukuza Upepo (Eldoret)
Sawa, ila usimwambie kijana kwamba akishikwa atalipwa. Asafa Powell na Sherone Simpson, wakimbiaji wa Jamaika, walikutwa na kichocheo cha oksilofrini mwaka 2013, wakapewa miezi 18, ikashuka hadi 6 kwenye mahakama ya michezo. Wao walikuwa na uwezo wa kulipa maabara na mawakili. Winga wa ndondo atamlipa nani?

#30 Mzee wa Kanuni
Mnauliza unga ni feki au si feki, kwa nini hamwendi TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, wapime?

#31 Mfamasia wa Zamu
TFDA haipo tangu 2019, mzee wangu. Chakula na vipodozi vilihamia TBS, shirika la viwango, ikabaki TMDA kwa dawa na vifaa tiba. Kopo likisema "chakula cha ziada" unaanzia TBS, ukihisi kuna dawa imefichwa ndani unawaambia TMDA.

#32 Mzee wa Kanuni
Yaani unga mmoja, ofisi mbili. Muuzaji anakaa katikati anakunywa chai.

#33 Kitasa wa Kigogo
Nimerudi na mapya. Nimelichukua kopo kwa dogo. Lebo ya mbele ina simba anameremeta. Nyuma haikutaja kafeini kiasi gani, imeandikwa "mchanganyiko maalumu gramu 6" halafu majina kumi na kitu yamepangwa chini yake bila kiasi. Tarehe ya mwisho imechapwa juu ya tarehe nyingine. Ukikwaruza kwa kucha, ya chini inaonekana ni ya mwaka juzi.

Halafu jana alikwenda kliniki ya moyo. Kipimo cha umeme sasa ni kizuri. Daktari wa pale anasema kuna watu wanazaliwa na njia ya ziada ya umeme moyoni, wanaishi bila kujua, siku wakichochewa mapigo yanaruka juu ghafla. Hajasema dogo anayo. Anataka arudi wapime zaidi, na majaribio ya timu asiende kwanza.

#34 Mfamasia wa Zamu
Muulizeni swali hili: mapigo yalipanda taratibu au yaliwaka ghafla kama swichi? Na yalishuka pole pole au yalikatika mara moja? Yakiwaka na kuzima ghafla, naelekea kwa daktari wa kliniki. Yakipanda na kushuka taratibu, narudi kwenye kafeini na joto.

#35 Kitasa wa Kigogo
Anasema hakumbuki, alikuwa anaogopa kufa.

#36 Chuma Tabata
Mmeona? Inaweza kuwa moyo wake mwenyewe. Unga mmeuhukumu bure.

#37 Baunsa Mpole
Unga wenye tarehe juu ya tarehe, unautetea kwa mshahara gani?

#38 Kocha Mstaafu
Mimi nasimama na joto. Kijana kacheza saa kumi, asubuhi alikula nini? Najua vijana wa ndondo, mkate mkavu na soda. Maji hakunywa. Na kafeini inamaliza maji mwilini.

#39 Mfamasia wa Zamu
Mzee wangu, hiyo ya kumaliza maji imekuzwa. Kwa viwango vya kawaida kafeini haimkaushi mchezaji kiasi hicho. Lakini kuhusu mkate na soda sina ubishi.

#40 Sauti ya Jukwaa
Kwani lazima unga? Simbu kachukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo Septemba 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03, mtoto wa Singida. Wakenya wanakula ugali. Rudini kwenye ugali.

#41 Mfukuza Upepo (Eldoret)
Usitusemee sufuria, ha ha. Ni kweli utafiti uliochapishwa 2004 uliwapima wakimbiaji wa huku kambini, zaidi ya robo tatu ya nguvu yao ilitoka kwenye wanga: ugali, na chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha. Lakini hiyo ni 2004. Leo angalia meza za maji kwenye marathoni kubwa, kila kilomita 5 kuna chupa ya kila mkimbiaji imefungwa kitambaa aitambue, na ndani si maji matupu, ni wanga uliopimwa. Ugali haubebeki kilomita ya 30.

#42 Beki Mstaarabu
Mimi unga wa protini ya maziwa ulinifukuza jimu. Nikiunywa, tumbo linanguruma mpaka kocha anazima muziki asikilize.

#43 Mama Twaha
Maziwa freshi unakunywa vizuri?

#44 Beki Mstaarabu
Sijawahi kuyaweza tangu utotoni. Mtindi ndiyo napatana nao.

#45 Mama Twaha
Basi jibu unalo. Watu wazima wengi kwetu sukari ya maziwa haiwakubali. Kula maharage, dagaa na mayai, uache kusumbua majirani.

#46 Mchezaji Netiboli
Samahani kuingilia. Sisi wasichana hakuna aliyetuuzia unga, tunapewa vidonge vya chuma na kocha, timu nzima, kila msimu. Wengine wanafunga choo, wengine kinyesi kinakuwa cheusi. Ni sawa?

#47 Mfamasia wa Zamu
Choo cheusi na kufunga choo ni kawaida ya vidonge vya chuma. Kisicho sawa ni timu nzima kumeza bila kupimwa. Mwili hauna njia nzuri ya kutoa chuma kilichozidi, na asiyekihitaji kinamlimbikizia. Mwombeni kocha mpimwe wingi wa damu na feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini. Aliyepungukiwa ameze, na asimezee na chai, chai inazuia chuma kuingia. Maji ya machungwa au limao ni bora.

#48 Mchezaji Netiboli
Ahsante. Sisi tunamezea chai ya saa nne wote.

#49 Kocha Mstaafu
Binti, kocha wenu ni nani? Nina namba za makocha wengi.

#50 Mchezaji Netiboli
Hapana mzee, nitakatwa kikosini.

#51 Chuma Tabata
Kitasa, hilo kopo la simba usilitupe. Nitumie picha ya namba ya toleo, nilinganishe na langu.